Walimu wakitoka mafunzoni, nani huenda kuwatazama darasani? Funzo kutoka Nakuru

Katika kaunti ya Nakuru, upande wa Njoro, kuna kijiji kiitwacho Pwani. Bahari haiko. Kutoka Mombasa hadi huko ni safari ya zaidi ya kilomita 600, na ukifika unakuta mashamba, vumbi la kiangazi na baridi ya asubuhi ya Bonde la Ufa. Katika kijiji hicho kuna shule ya sekondari ya kutwa iitwayo Keriko. Machi 2019, mwalimu wake wa hisabati na fizikia, Bruda Peter Tabichi wa shirika la Wafransisko, alisimama jukwaani Dubai akakabidhiwa tuzo ya mwalimu bora duniani pamoja na dola milioni moja.

Habari hiyo ilipoenea, wengi walikumbuka pesa, na kwamba mwalimu huyo alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia maskini. Lakini katika maelezo ya waliotoa tuzo kulikuwa na jambo jingine linalotuhusu zaidi sisi wazazi na walimu wa huku kwetu. Shule ya Keriko ilikuwa na kompyuta moja tu, mtandao wa kubahatisha, na wastani wa wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Pamoja na hayo, Tabichi alikuwa akitumia teknolojia katika asilimia 80 ya vipindi vyake. Alikwenda saiba, akapakua alichohitaji, akarudi nacho darasani akakitumia bila mtandao.

Sasa iweke picha hiyo kando ya picha nyingine ambayo wengi wetu tunaijua. Shule ya msingi ya umma, ofisi ya mwalimu mkuu, kabati la chuma lenye kufuli. Ndani ya kabati mna tableti kadhaa, projekta, na waya zilizokunjwa vizuri kama zilivyotoka kwenye boksi. Ukiuliza mbona hazitumiki utaambiwa chaji zimekwisha, au mwalimu aliyefunzwa kuzitumia alihamishwa.

Shule yenye kompyuta moja iliendelea, na shule yenye tableti nyingi ikakwama. Tofauti imekaa wapi? Makala haya yajaribu kueleza, kwa kufuata yaliyofanyika Nakuru na sehemu nyingine za nchi kwa zaidi ya miaka 20. Jibu kwa ufupi ni kwamba mwalimu hujifunza vizuri kukiwa na mtu anayekuja darasani kumtazama na kumsaidia baada ya mafunzo. Mafunzo ya likizo peke yake hayatoshi, na mashine peke yake hazitoshi.

Likizo tatu za mwalimu

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hufunga shule wiki nyingi za kiangazi mfululizo, na humo ndimo walimu wengi hupata muda wa kujiendeleza. Sisi likizo zetu ni tatu: Aprili, Agosti, na ile ya mwisho wa mwaka. Kwa mtoto ni wakati wa kucheza na kwenda madrasa kutwa. Kwa mwalimu mara nyingi ni wakati wa kurudi kukaa kwenye dawati.

Jambo hili si geni. Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kilianza Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987, ni miongoni mwa vyuo vilivyozoea kuwapokea walimu wakati shule zimefungwa. Mwalimu mwenye cheti au diploma husoma likizo kwa likizo mpaka apate shahada, huku akiendelea na kazi yake muhula ukifunguliwa. Vyuo vingine navyo hufanya hivyo, na walimu wengi wa huku Pwani wamepata shahada zao kwa njia hiyo, kwa jasho na kwa mikopo ya chama cha akiba.

Lakini kusomea shahada ni jambo moja, na kujifunza namna ya kufundisha kesho asubuhi ni jambo jingine. Kwa hili la pili, mpango uliojulikana sana ni ule wa kuimarisha hisabati na sayansi, SMASSE. Ulianza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na shirika la misaada la Japani, JICA, katika wilaya tisa za majaribio. Kuanzia 2003 ukaenezwa nchi nzima, na kituo chake kikuu, CEMASTEA, kikawekwa Karen, Nairobi.

SMASSE ilifanyika likizoni. Walimu wa hisabati, fizikia, kemia na biolojia walikusanywa katika vituo vya wilaya, wakapitishwa katika mizunguko minne ya mafunzo. Walifunzwa kuacha kuandika ubao mzima huku wanafunzi wakinakili, na badala yake wampe mwanafunzi kazi ya mikono, jaribio la kufanya, na vifaa vya kubuni pale ambapo maabara haina kitu. Chupa ya plastiki ikawa bika, betri kuukuu na waya vikawa somo la umeme.

Pamoja na hayo walifunzwa hatua nne za kufuata: panga somo, litende, litazame lilivyokwenda, kisha uliboreshe. Hatua hizo ndizo zitakazotuongoza katika makala haya, hasa ile ya tatu.

Maji ya mtungi wa juu

Ili kuwafikia walimu wengi kwa pesa chache, SMASSE na mipango mingine iliyofuata ilitumia njia ya ngazi. Wakufunzi wa taifa huwafunza wakufunzi wa wilaya, nao wa wilaya huwafunza walimu. Mafunzo ya mtaala wa umilisi, CBC, nayo yalipita njia hiyo. Katika shule nyingi yaliongezewa ngazi nyingine: mwalimu mmoja au wawili huenda semina, wakirudi wawaeleze wenzao waliobaki.

Njia hii ina faida. Ni rahisi, ni ya haraka, na inafika Kiunga sawa na inavyofika Kuresoi. Udhaifu wake ni kwamba maji yakimiminwa kutoka mtungi hadi mtungi, kila mara kuna yanayomwagika. Aliyefunzwa siku tano atawafunza wenzake siku moja, nao watasikia saa mbili za maelezo katika chumba cha walimu, jioni, kila mtu anatazama saa.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Semina ikisha, mwalimu hurudi darasani peke yake. Amepanga somo kama alivyoelekezwa. Amelitenda, likamharibikia: watoto wamepiga kelele, muda umekwisha, jaribio halikufanya kazi. Nani wa kumwambia kosa lilikuwa wapi? Hatua ya tatu, kutazama, haina mtu. Jumatatu inayofuata mwalimu huyo hurudi kwenye chaki na ubao, maana huko ana uhakika. Tukimwita mzembe tutakuwa tumemwonea. Hata fundi wa majahazi hakufunzwa kazi kwa semina ya wiki moja. Alishika randa mbele ya mkubwa wake, akakosolewa, akashika tena.

Mashine zilipokuja

Mwaka 2013, serikali ya Jubilee iliingia madarakani ikiwa na ahadi kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapata kompyuta. Baada ya kuchelewa, vifaa vilianza kufika shuleni mwaka 2016, vikiwa tableti. Kazi hiyo walipewa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja na mshirika wake kutoka nje. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kila shule ilipata tableti za wanafunzi, vifaa vya walimu, projekta, na kisanduku cha kuhifadhi masomo ili yapatikane bila intaneti.

Kwa upande wa vifaa na umeme, ilikuwa kazi kubwa. Shule nyingi ambazo hazijawahi kuwa na taa ziliunganishwa na stima kwa sababu ya mpango huu, na hilo ni jema lisilopaswa kusahauliwa. Walimu nao walifunzwa, makumi ya maelfu kwa siku chache kila kundi, wengi wao likizoni.

Tatizo lilikuja baada ya hapo, na mtu akikaa darasani hulielewa upesi. Chukua kipindi cha dakika 35. Mwalimu ana watoto 50 na tableti 25. Kuzitoa kabatini na kuzigawa ni dakika tano au zaidi. Kuziwasha, kuwasaidia ambao zao hazikuwaka, kuwafikisha wote kwenye ukurasa mmoja, ni dakika nyingine kumi. Kuzikusanya na kuzihesabu, maana zikipotea mwalimu ataulizwa, ni dakika tano. Limebaki la kusoma dakika 15. Mwalimu akifanya hesabu hiyo mara mbili tatu, mara ya nne ataziacha kabatini.

Yapo maarifa ya kulitatua hilo: wanafunzi viongozi wa kugawa, kundi moja litumie tableti huku jingine likisoma kitabu, somo la tableti liwe siku moja iliyopangwa. Ni mbinu ndogo ndogo ambazo mwalimu mzoefu humwonyesha mwenzake kwa dakika kumi akiwa ndani ya darasa lile lile. Hazimo katika semina, kwa sababu semina hufundisha namna ya kuwasha mashine.

Aidha, vifaa vilianza kufika mwaka 2016, na mwaka 2019 mtaala wa umilisi ukaanza rasmi Gredi ya 1. Mwalimu akajikuta na mtaala mpya, vitabu vipya na tathmini mpya vyote kwa pamoja. Tableti ikawa mzigo wa mwisho, na mzigo wa mwisho ndio wa kwanza kushushwa.

Jaribio lililotoa jibu

Kabla ya tableti hizo kununuliwa, jibu lilikuwa limeshapatikana hapa nchini. Kati ya 2011 na 2014, Wizara ya Elimu iliendesha mradi wa majaribio wa kusoma na hisabati, PRIMR, kwa ufadhili wa Marekani, ukisimamiwa na shirika la RTI. Kaunti zilizochaguliwa kwanza zilikuwa Nairobi, Kiambu, Kisumu na Nakuru. Walengwa walikuwa watoto wa darasa la kwanza na la pili.

Mradi ulikuwa na mambo manne. Kila mtoto alipata kitabu chake, bila kugawana. Mwalimu alipata kiongozi chenye somo la kila siku. Walimu walipata mafunzo mafupi. Jambo la nne, mwalimu alitembelewa darasani mara kwa mara na mkufunzi wa kituo cha walimu, ambaye alikaa nyuma, akatazama somo, akasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu.

Katika kaunti ya Kisumu mradi uliongeza swali. Ikiwa tutatumia pesa kwa teknolojia, tumpe nani kifaa? Kundi moja la shule, tableti alipewa mkufunzi anayetembelea. Kundi la pili, akapewa mwalimu. Kundi la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea. Shule nyingine zikabaki bila mradi kwa ajili ya kulinganisha.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba watoto katika makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale wasiokuwa na mradi. Lakini baina ya makundi hayo hapakuwa na tofauti ya kutegemewa. Kumpa kila mtoto kifaa, kwa gharama kubwa, hakukuleta faida zaidi ya kumpa tableti moja mkufunzi anayezunguka shule nyingi. Na ule mpango wa msingi wa vitabu, kiongozi cha mwalimu na kutembelewa, bila vifaa vingi, ulitoa matunda mengi zaidi kwa kila shilingi.

Ndiyo maana mradi ulipoenezwa nchi nzima mwaka 2015 kwa jina la Tusome, tableti walipewa maafisa wasaidizi wa mtaala, zaidi ya elfu moja. Afisa alipofika darasani alijaza humo alichokiona, na kifaa kilimkumbusha mambo ya kumshauri mwalimu. Ziara zilionekana kwa wakubwa wake, na nauli yake ilirudishwa kulingana na madarasa aliyoyatembelea. Hilo la nauli laweza kuonekana dogo, lakini afisa mwenye shule zilizotawanyika katika vilima vya Molo wakati wa mvua, au katika vijiji vya Tana Delta mto ukifurika, hafiki kwa nia njema pekee.

Watoto wa huku kwetu nao walisoma kwa vitabu vya Tusome, vya Kiswahili na vya Kiingereza. Mzazi ambaye mwanawe alikuwa darasa la kwanza miaka ile huenda angali anavikumbuka.

Ila ufadhili wa nje una mwisho wake. Tusome imekwisha, na shirika la misaada la Marekani, USAID, lenyewe limefungwa mwaka 2025. Maafisa wa mtaala wangalipo. Swali ni kama wana mafuta ya pikipiki, na kama kazi yao ingali kutazama darasa au imekuwa kukusanya fomu.

Nani alipe?

Hapa twafika penye ubishi. Sheria ya mwaka 2012 ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, inamtaka kila mwalimu aliyesajiliwa ajiendeleze kikazi na kuhuisha cheti chake cha kufundisha. Septemba 2021, tume ilitangaza mpango wa kutekeleza hilo. Moduli zilikuwa sita, kila moja ya miaka mitano, yaani mwalimu angekuwa anasoma kwa miaka 30 ya kazi yake. Taasisi zilizopewa kazi zilikuwa nne: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya, Riara, na taasisi ya usimamizi wa elimu, KEMI. Gharama, hadi shilingi 6,000 kwa mwaka, angezitoa mwalimu mwenyewe.

Vyama vya walimu vikapinga, na kesi zikafika mahakamani. Hoja ya walimu ilikuwa nyepesi kueleweka: mwajiri akitaka mfanyakazi ajifunze jambo jipya kwa ajili ya kazi, kwa nini mfanyakazi atozwe? Kuna hoja nyingine ambayo haikupewa nafasi kubwa. Kati ya taasisi hizo nne, hakuna iliyokuwa na makao makuu Pwani wala Nakuru. Egerton iko kule kwenye shule zenyewe, nacho Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Mkufunzi aliye karibu ndiye anayeweza kuja darasani Alhamisi, akarudi tena baada ya wiki mbili.

Kwa maoni yetu, shilingi 6,000 si kitu cha kuchezea kwa mwalimu mwenye familia, na vyama vilikuwa na haki ya kusema. Lakini hata serikali ikilipa yote, mpango wa moduli na vyeti bila ziara za darasani utarudia kosa lile lile la mtungi. Tutakuwa na walimu wenye vyeti vingi na madarasa yale yale.

Tusisahau pia hofu ya walimu wenyewe. Wengi hawapendi mtu aje nyuma ya darasa, na wana sababu. Zamani mgeni wa darasani alikuwa inspekta, akija kutafuta makosa. Tangu 2016 kuna tathmini ya utendakazi, TPAD, ambayo kwa walimu wengi maana yake ilikuwa kupanga foleni saiba usiku kujaza fomu mtandaoni. Ndiyo teknolojia waliyoijua kwanza, na haikuwa na uhusiano na mtoto. Kwa hiyo ziara za kusaidia hazina budi kutenganishwa na ziara za kukagua. Anayekuja kukupa alama na anayekuja kukushika mkono wasiwe mtu mmoja.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Januari 2023 Sekondari Msingi ilianza kwa Gredi ya 7, na Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala huu wakaingia Gredi ya 10, Sekondari Pevu. Sekondari Msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, nyingi zikiwa hazijapata maabara. Mwalimu aliyesomea biolojia na kemia hujikuta akifundisha na fizikia ndani ya Sayansi Jumuishi, na mara nyingine somo jingine ambalo hakulisomea kabisa. Uamuzi wa mtoto kuelekea sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo unategemea miaka hiyo mitatu. Mtoto ambaye hajawahi kuona jaribio hata moja Gredi ya 8 atachaguaje sayansi?

Mwalimu wa namna hiyo ndiye anayehitaji zaidi ile elimu ya SMASSE ya kubuni vifaa, na ndiye anayeweza kufaidika zaidi na simu iliyo mfukoni mwake. Mambo anayoweza kufanya si makubwa. Likizo ya Agosti, penye mtandao mzuri, apakue video fupi kumi za mada za muhula wa tatu na kuzihifadhi kwenye flashi au kadi ya simu. Azitazame zote mwenyewe kwanza, aandike swali moja la kuwauliza wanafunzi kabla ya kila video na moja baada yake. Video ya dakika tatu inayoonyesha moyo ukisukuma damu, ikisimamishwa mara mbili kwa maswali, ni somo. Ikiachwa icheze mpaka mwisho, ni sinema.

Hivi karibuni walimu wengi pia wameanza kutumia programu za akili mnemba kuandika azimio la kazi na andalio la somo. Si vibaya, inaokoa muda. Lakini andalio zuri la kompyuta halijui kwamba darasa lako lina watoto 60 na madirisha yanayoingiza mvua. Mwenye kujua hilo ni wewe, na mwenzako aliyelitazama.

Keriko ilifanya haya kwa kompyuta moja. Tabichi na wenzake walianzisha klabu ya vipaji na kuimarisha klabu ya sayansi. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakashinda tuzo ya chama cha kemia cha Uingereza kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea, na timu yao ya hisabati na sayansi ikapata nafasi ya kwenda mashindano ya kimataifa Arizona mwaka 2019. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na chuo. Mwaka 2018 walikuwa 26. Mwalimu mmoja wa aina hiyo hapatikani kwa kila shule, na mpango wa nchi hauwezi kujengwa juu ya watu wa ajabu. Unajengwa kwa kumfanya mwalimu wa kawaida awe bora kidogo kila muhula.

Tuulize nini huku kwetu

Kilifi iliwahi kuwa katika mradi wa iMlango, pamoja na Kajiado, Makueni na Uasin Gishu, uliopeleka intaneti ya setilaiti na programu za hisabati katika shule 205. Kwa hiyo Pwani si mgeni wa teknolojia ya darasani, na wahisani wengine watakuja. Mbunge atatangaza kompyuta, kampuni ya simu italeta ruta, mtu wa ng'ambo atatuma kontena. Tuwapokee kwa shukrani. Ila kwenye mkutano wa wazazi na bodi ya shule, kabla ya kukata utepe, tuulize maswali manne.

Kwanza, ni walimu wangapi wa shule hii watafunzwa, na je, mmoja akihamishwa nani atabaki anajua? Mafunzo ya mtu mmoja huondoka na mtu mmoja.

Pili, mafunzo ni ya kuwasha kifaa, au ni ya kufundisha mada fulani kwa kutumia kifaa? Tutake mwalimu arudi kutoka semina na masomo matatu aliyoyaandaa kwa darasa lake.

Tatu, baada ya likizo nani atakuja darasani, mara ngapi, na nauli yake imetengwa wapi? Kama bajeti ina pesa za mashine na haina pesa za ziara, bajeti hiyo haijakamilika. Ni afadhali kupunguza tableti kumi na kumlipia mtu mafuta ya mwaka mzima.

Nne, umeme, kuchaji, ulinzi na matengenezo ni jukumu la nani kwa jina?

Na kama hakuna afisa wa kuja, bado kuna njia isiyogharimu kitu. Wajapani wana desturi ya miaka mingi ambayo CEMASTEA nayo imeihimiza: walimu watatu au wanne wa shule jirani hukaa pamoja, wakaandaa somo moja. Mmoja hulifundisha, wengine hukaa nyuma kutazama wanafunzi. Baadaye huzungumza bila kulaumiana, wakalirekebisha, na mwingine akalifundisha katika darasa jingine. Walimu wa Likoni na wa Mtongwe wanaweza kuanza muhula ujao. Wa Lamu mjini na wa Shela vilevile. Kinachohitajika ni mwalimu mkuu kuwapangia nafasi katika ratiba, na walimu wenyewe kukubali kutazamwa na mwenzao.

Likizo ya Agosti haikawii kufika. Baadhi ya walimu wetu watakwenda semina, watapewa faili, kalamu na chai. Watakaporudi, mzazi mwenzangu, usimuulize mwalimu kama alipata cheti. Muulize ni somo gani atakalolifundisha kwa njia mpya, na ni nani atakayekuja kulitazama. Akikosa jibu la swali la pili, hilo si kosa lake, na hapo ndipo sisi wazazi tuna kazi ya kufanya.